Kihisi mwendo kinapolia bure: niliyojifunza kwenye banda la mashine za boti Kisumu

Binamu yangu wa Kilifi alinipigia simu juzi baada ya Isha. Amenunua vihisi mwendo viwili, amevifunga kwenye banda la boti la babake upande wa Mnarani, na kila usiku vinawasha taa na kupiga king'ora bila mtu kupita. "Kaka, nimeuziwa vibovu," akasema. Nikamwuliza maswali matatu. Vinalia saa ngapi? Kati ya mlio mmoja na mwingine hupita muda gani? Na je, umewahi kuvifunika uso ukaona vitafanya nini? Hakuwa na jibu hata moja.

Simlaumu. Mwaka ule nilipofunga vyangu vya kwanza hapa Kisumu nami sikuwa na majibu hayo, na kutojua kwangu kulimgharimu mtu mwingine mashine yake ya boti. Nilimwahidi binamu nitaandika, maana najua mabanda ya namna hiyo yamejaa kutoka Vanga mpaka Kiunga, na vijana wetu wengi siku hizi wananunua vidude hivi mtandaoni na kuviunga wenyewe.

Kwanza jina. Mafundi tunaviita sensa, lakini nikisema sensa watu wa nyumbani hudhani serikali imekuja kuwahesabu. Nitasema kihisi. Ninachozungumzia ni kile kibodi kidogo chenye kikombe cheupe cha plastiki juu yake, kinachouzwa shilingi mia mbili na kitu, jina lake HC-SR501. Karibu kila anayejifunza ufundi wa elektroniki huanza nacho.

Mimi nina kibanda cha kutengeneza simu na redio karibu na soko la Kibuye. Wavuvi wa ufuo mmoja upande wa kusini mwa mji, kupita Dunga, walinijia wakiwa na shida inayojulikana ufuo mzima wa ziwa hili, wizi wa mashine za boti. Usiku mashine hufunguliwa kutoka kwenye boti na kuwekwa pamoja ndani ya banda la mbao lenye paa la mabati, na mlinzi mmoja hulala nje. Wakaniuliza kama naweza kufunga kitu kitakacholia mtu akiingia. Nikasema naweza, tena kwa bei ya kirafiki. Nikaweka vihisi viwili ndani na kimoja nje chini ya upenu, Arduino ndogo, moduli ya simu ya SIM800L ya kutuma ujumbe kwa mwenyekiti, rilei niliyoitoa kwenye gari bovu, king'ora cha gari, betri ya volti 12 na paneli ya sola juu ya paa. Nilijiona mhandisi.

Usiku wa kwanza kililia mara tano. Mlinzi, mzee wa Kijaluo aliyevua miaka mingi kabla magoti hayajamkataa, aliamka mara zote tano na kuzunguka banda na tochi. Asubuhi akaniambia, "Fundi, mashine yako inaota ndoto mbaya." Nikacheka, nikapunguza kidogo wepesi wa kihisi, nikarudi mjini. Usiku wa pili kikalia zaidi. Nikaja, nikapunguza tena. Mchezo huo ulikwenda usiku kumi na moja. Majirani wakaanza kunung'unika. Mwenyekiti akazima simu yake usiku ili asisikie ujumbe wangu. Na usiku wa kumi na mbili mzee akafanya ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya: akachomoa waya wa king'ora, akalala.

Kulipopambazuka kufuli lilikuwa limekatwa na mashine moja haipo, ya nguvu za farasi 15. Ilikuwa ya mama mmoja mchuuzi wa samaki aliyeinunua kwa mkopo wa chama, na mkopo ulikuwa haujaisha.

Kwenye kikao cha ufuo maneno yalianza kumwelekea mzee. Nani alichomoa waya? Kwa nini usiku huo huo? Walikuwepo waliokwisha kumhukumu moyoni. Yeye hakujitetea sana. Alitoa daftari la shule lenye kurasa za mraba, akaliweka mezani. Alikuwa ameandika kila mlio, saa na dakika kutoka kwenye simu yake, na alichokiona alipotoka. Milio 61 kwa usiku kumi na moja. Karibu yote ameandika "hakuna". Nikasimama nikasema mbele ya watu kwamba kosa si la mzee, ni langu, kwa sababu kengele inayodanganya mara 61 imemfundisha mlinzi kutoiamini. Sikusema hivyo kwa wema. Ilikuwa hesabu tupu, iko pale kwenye daftari.

Niliomba lile daftari, nikakaa nalo siku mbili kibandani. Humo ndimo nilimojifunza kazi hii.

Lakini kabla ya daftari, lazima ujue kihisi hiki kinaona nini, maana wengi hudhani kinaona mtu. Hakioni mtu. Chini ya kile kikombe cheupe kuna kidude cha chuma kama kifungo, chenye kidirisha kidogo cheusi. Ndani yake mna vipande viwili vya fuwele ambavyo vikipata joto jipya hutoa umeme kidogo mno. Joto lenyewe si lile la hewa unayovuta, ni mionzi ya joto, ile inayokufanya uhisi jiko la mkaa ukiwa umesimama hatua mbili mbali nalo. Mwili wa binadamu hutoa mionzi hiyo saa zote, gizani na mwangani. Vile vipande viwili vimeungwa kinyume, kimoja kikisema jumlisha kingine kinasema toa. Chumba chote kikipata joto pamoja, vinafutana na kihisi kinanyamaza. Joto likipita kwa kimoja kwanza kisha kwa kingine, hapo kuna tofauti, na tofauti ndiyo kihisi huita mwendo.

Kikombe cheupe ni lensi. Kiinue kwenye mwanga utaona kimekatwa vijisehemu kama sega la nyuki. Kila kijisehemu hutazama ukanda wake wa chumba. Mtu anayekatiza huingia ukanda huu na kutoka, akaingia ule na kutoka, na fuwele zinapata joto, baridi, joto, baridi. Ndiyo sababu anayekatiza mbele ya kihisi hugunduliwa upesi kuliko anayekijia moja kwa moja usoni. Umeme unaotoka hapo ni mdogo hata hauwezi kufanya lolote, kwa hiyo chipu iliyo nyuma ya bodi, iitwayo BISS0001, huukuza maelfu ya mara. Shika neno hilo. Kitu kinachokuza mnong'ono maelfu ya mara hukuza pia kila takataka iliyoingia pamoja na mnong'ono.

Sasa daftari. Nilipoipanga ile milio kwa saa, ilijigawa yenyewe. Kulikuwa na fungu la baada ya Magharibi mpaka kama saa mbili usiku. Kulikuwa na milio iliyofuatana kama shanga, dakika mbili, dakika mbili, dakika mbili, mara nne au tano halafu kimya. Na kulikuwa na siku zenye milio mingi usiku kucha na siku zenye milio michache, bila mimi kubadilisha kitu kati yake.

Ile ya dakika mbili ndiyo iliyonishtua, kwa sababu panya hana saa. Upepo hauna saa. Kitu kikijirudia kwa muda ulio sawasawa, usitafute nje, tafuta kwenye waya zako mwenyewe.

Jaribio lake ni rahisi na ndilo nililomwuliza binamu. Funika uso wa kihisi kwa kitu kinene: kopo la majani chai, kipande cha mbao, kadibodi mbili tatu pamoja. Mfuko wa plastiki haufai, mionzi ya joto huweza kupenya plastiki nyembamba, na lensi yenyewe ni plastiki. Kisha ondoka, acha usiku mmoja. Kikinyamaza, kinachokisumbua kiko mbele yake. Kikiendelea kulia na hali hakioni kitu, tatizo ni umeme. Mimi nilikuwa nimepoteza siku kumi na moja nikizungusha kitufe cha wepesi, na jaribio hili halihitaji hata bisibisi.

Tulifunika vyote vitatu. Vikalia.

Hapo nikakitoa kihisi kimoja kwenye mtambo, nikakipa betri yake peke yake na kitaa kidogo cha LED na rezista kwenye mguu wa kutolea ishara, basi. Kikakaa na kopo lake usiku kucha bila kupepesa. Kihisi kizima, majirani zake ndio wabaya.

Jirani mbaya wa kwanza alikuwa ile moduli ya simu. SIM800L inapotuma ujumbe haili umeme kwa utulivu, huumeza kwa mafungu, na fungu moja linaweza kufika ampea mbili kwa kitambo kidogo sana. Nilikuwa nimeilisha kutoka chanzo kimoja na vihisi. Kila ilipomeza, volti zilichezacheza, na ile chipu inayokuza minong'ono ikasikia mchezo huo kama mtu anapita. Mimi kwa ufundi wangu nilikuwa nimeiandikia programu itume ujumbe mara mbili, mmoja king'ora kinapoanza na mwingine kinapozimwa, "hali imetulia". Ule ujumbe wa kusema hali imetulia ndio ulioamsha kihisi upya. Kikalia tena, kikazimwa, ukatumwa tena. Mtambo ulikuwa unajijibu wenyewe kama mwendawazimu.

Dawa: moduli ya simu ilipata kipunguza volti chake na kapasita kubwa ya mikrofaradi 1000 kwenye miguu yake ya umeme. Kila kihisi kikapata kapasita ya mikrofaradi 100, na pembeni yake ndogo ya nanofaradi 100, zikiwa zimechomelewa pale pale kwenye kihisi, si mwisho wa waya mita nne huko. Ujumbe wa pili nikaufuta. Rilei yangu ya gari haikuwa na dayodi mgongoni, na kila ilipoachia ilirudisha teke la umeme kwenye waya, nikaiwekea 1N4007. Waya wa ishara uliokuwa umefungwa pamoja na waya wa king'ora nikautenganisha, nikauwekea rezista ya kilo-omu 10 kuushusha chini ili usielee.

Wewe unayetumia ESP32 au ESP8266, kama binamu, ogopa antena ya waifai. Ikiwa kihisi kimebebana na bodi hiyo ndani ya kijisanduku kimoja, mara nyingi kila bodi inapotuma kihisi kinashtuka. Kitoe kwa waya, sentimita 30 au zaidi, na usikiweke mbele ya antena. Niliwahi kumtengenezea mteja wa Milimani taa ya ngazi kwa kufanya hilo tu. Alikwisha kubadilisha vihisi vitatu.

Jambo jingine la umeme: kihisi hiki kikiwashwa huhitaji kama dakika moja kutulia, na ndani ya dakika hiyo hulia ovyo. Betri yetu ilikuwa imezeeka. Alfajiri volti zilikuwa zikishuka mpaka mtambo unajizima na kujiwasha, na kila ukijiwasha, kihisi kinaanza dakika yake ya wazimu. Programu sasa hupuuza kila kitu kwa nukta 60 za mwanzo, na betri tukanunua nyingine.

Tukafunika tena, kimya usiku mzima. Tukafunua, na milio ya jioni ikarudi. Sasa nilijua natafuta nini.

Mlango wa banda ni wa mabati na unatazama ziwa, yaani magharibi. Jua la mchana wote linaupiga. Jua likizama, mabati hupoa haraka, hewa ya moto hutafuta njia kwenye nyufa, na upepo wa ziwa unabadilika. Mimi nilikuwa nimekielekeza kihisi kwenye mlango, kwa sababu nilidhani mwizi huingia kwa mlango basi kihisi kiuangalie mlango. Tena kati ya kihisi na mlango walikuwa wameanika nyavu. Nyavu zilizokunywa joto mchana, zikiyumba mbele ya bati linalopoa, kwa kihisi ni watu wanaocheza ngoma. Nikakigeuza kikawa kinatazama ukuta wa ndani wa mbao, ili anayeingia akatize mbele yake. Sehemu za lensi zilizobaki zikiona ukingo wa mlango nikaziziba kwa utepe mweusi wa mafundi. Milio ya jioni ikafa karibu yote. Hiki ni kitu cha nusu saa, na nusu saa hiyo sikuitumia siku ya kwanza.

Zikabaki zile siku mbaya na siku nzuri. Nilimwuliza mzee. Akanitazama kama mtu anayeulizwa jua linatokea wapi. "Sam, fundi. Angalia mwezi."

Watu wa pwani mnaojua bamvua na maji mafu mtaelewa, ingawa ziwa halipwi wala kujaa. Sam ni wale wadudu wadogo wa ziwani ambao hutoka majini kwa wingi hata ukiwaona kwa mbali utadhani moshi umesimama juu ya maji. Baadhi yao hufuata mwezi, hutoka zaidi karibu na mwezi mwandamo. Nami nilikuwa nimefunga taa nyeupe kali, inayowaka kihisi cha nje kikishtuka, kiasi cha shubiri moja kutoka kwa kihisi chenyewe. Kwa usiku wa giza, ile ndiyo taa pekee kwenye ufuo, kwa kuwa wavuvi wa omena wako mbali majini na taa zao. Sam wote wakaja kwangu. Wadudu wakaleta buibui, buibui wakatanda mbele ya lensi, na juu yao wakaja mijusi kafiri kula karamu.

Mdudu akiwa mita tatu mbele ya kihisi si kitu. Mdudu akitembea juu ya lensi yenyewe anaziba ukanda mzima, na mjusi kafiri akipita sentimita tano mbele yake ni mkubwa kama ng'ombe. Nilipofungua kile kijisanduku nikakuta wengine wameingia nyuma ya lensi kupitia tundu la waya na kufia juu ya kile kidirisha cheusi.

Tuliiondoa taa ikaenda mita nne mbali, tukaweka ya rangi ya manjano, ambayo wadudu hawaipendi sana kama nyeupe. Tundu la waya nikaliziba kwa silikoni. Kihisi nikakitia ndani ya kipande kifupi cha bomba la plastiki la maji, kama kofia, kipate kivuli na mvua isikipige. Na mzee akachukua kazi ya kupangusa utando wa buibui kwa kitambaa kikavu kila Ijumaa. Kwa nini Ijumaa, sikumwuliza. Nadhani alitaka kunifurahisha.

Katikati ya haya yote nilijaribu pia ile aina nyingine inayosifiwa sana, RCWL-0516, inayotumia mawimbi ya redio badala ya joto. Sikumaliza nayo wiki. Mawimbi yake hupenya mbao, kwa hiyo iliona mbwa aliye nje ya banda, watu wa njiani, na mvua ikinyesha ikaona maji yanayotiririka kutoka kwenye upenu. Ukiwa na chumba cha mawe kilichofungwa inaweza kukufaa, hasa ukitaka kuificha nyuma ya plastiki. Kwa banda la mbao karibu na maji, mimi siipendekezi. Binamu, pale Mnarani boti zinapoinuka na maji yakijaa, utaijutia.

Si kila mlio ulikuwa wa bure lakini. Kwenye daftari kulikuwa na mistari mitatu iliyoandikwa neno moja tu la Kijaluo, "rawo". Ni kiboko. Wanapanda nchi kavu usiku kula nyasi, na kihisi cha nje kilimwona sawasawa kama kilivyotakiwa. Mzee aliniambia ile mara ya kwanza alitoka na tochi akidhani ni mwizi, akakutana naye hatua kumi. Tangu siku hiyo nimekubali kwamba kihisi cha nje kiwashe taa tu, mlinzi aone kilichopo kabla hajatoka. King'ora kimeachiwa vihisi vya ndani, tena viwili kwa pamoja: lazima vyote vishtuke ndani ya nukta 20. Nimevipanga kwenye kuta mbili ili macho yao yakatane pale mashine zilipo. Mjusi anaweza kukidanganya kimoja. Kuvidanganya viwili vinavyotazama pande tofauti kwa wakati mmoja ni shida.

Kuhusu vile vitufe viwili vya kuzungusha kwa bisibisi, ambavyo kila mtu huanza navyo: kimoja ni umbali, kama mita tatu mpaka saba, na kingine ni muda wa ishara, kutoka nukta chache mpaka kama dakika tano. Umbali weka mdogo unaotosha chumba chako, usilipie mita saba kwa banda la mita nne. Muda weka mfupi kabisa na uache programu ndiyo ihesabu. Lakini usivitumie kutibu ugonjwa usioujua. Kila nilipopunguza wepesi bila kujua sababu, nilikuwa nampunguzia mwizi kazi.

Kitu ambacho sikukifikiria hata kidogo mwanzoni hakina uhusiano na fuwele. Sikumpa mzee kitufe. Mlinzi aliyechoshwa na milio ya bure alikuwa na chaguo mbili, avumilie au ang'oe waya, na waya ukishang'olewa haujirudishi. Sasa kuna kitufe chekundu ukutani: ukikibonyeza king'ora kinanyamaza dakika kumi, kisha mtambo unarudi kazini wenyewe, na mwenyekiti anapata ujumbe. Kitufe kile kiligharimu shilingi hamsini. Kingekuwepo usiku ule wa kumi na mbili, huenda mashine ya yule mama ingekuwa bado inafanya kazi ziwani.

Haikupatikana. Kamati ilimchangia, nami nilitoa changu bila kuulizwa, na mkopo wa chama ukaisha kwa taabu. Banda halijavunjwa tena tangu hapo, ingawa siwezi kuapa kama ni kwa ajili ya vihisi au ni kwa sababu habari ya kufuli jipya imeenea.

Kwa wa nyumbani naongeza machache. Chumvi ya bahari itakula miguu ya kihisi kabla ya kitu kingine, kwa hiyo paka vanishi nyuma ya bodi baada ya kuchomelea, ila usiiguse lensi wala kile kidirisha. Paa la makuti lina popo na panya, usikielekeze kihisi juu. Na kukiwa na joto kali, kama mchana wa Januari na Februari, kuta zikikaribia joto la mwili, kihisi kitamwona mtu kwa shida hata kikiwa kizima. Mchana kifuli na macho ya watu vinatosha.

Binamu alinipigia tena jana. Amevifunika kwa makopo mawili ya maziwa ya unga, kimoja kimenyamaza, kingine bado kinalia. Kinacholia ndicho alichokifunga mgongoni mwa ESP32. Leo anatafuta waya.

Mzee bado ananiandikia. Ukurasa wa mwezi uliopita una mistari minne: rawo, rawo, paka wa mama nani, na wa mwisho, "fundi amekuja usiku bila kusema".